Gitaa ya Kukalisha Watu

Kisangani, Mangobo

Semeki yangu Karima, dada ya bwana yangu,

Salamu nyingi zikufikie pale Lubumbashi, wewe na bwana yako na watoto wote, hata yule wa mwisho anayekohoa. Kama kikohozi haijaisha, mupake mafuta ya ngazi, ile mawese, ya moto kifuani, usingoje pharmacie. Sisi huku tuko. Mvua inanyesha, muto umejaa, na bei ya samaki imepanda kama kawaida ya muto ukijaa. Mama yako anapumua na anasali. Habari yake nitakupa yote, lakini nakuomba usiruke mistari kwenda kutafuta mwisho.

Juzi kwa simu ulisema nimemukalisha mama yako kwenye mukeka ili afe, na kabla sijajibu ukakata. Sina hasira. Ni Fanny, jirani yetu, alikupigia, na unajua Fanny akisimulia mvua, mutu anatafuta mutumbwi. Lakini simu ni kitu ya kukatiana. Karatasi haikatwi. Ndio maana barua hii iko mukononi mwa Tonton Osée, ambaye anapanda ndege kuja kwenu kwa kazi zake. Nimemuambia akae karibu yako mpaka umalize kusoma.

Bon. Nianze na Safiya, juu kila kitu imeanza kwake, na tena mutu ananilaumu bure kwamba ninajisifu, wakati ninasema tu kile watu wote wanasikia. Mutoto wa kaka yako iko na redio nzima mukononi kila jumapili, siku ya Mungu, saa ya mangaribi. Anapiga nyimbo za zamani, za orchestres zetu za hapa hapa. Wazee wanamuletea kaseti kutoka chini ya vitanda. Kule Makiso, mahali watu wanakunywa, wanazima televizyo ili wamusikie. Sauti yake, Karima! Ni kama maji ya kisima kwa mutu aliyetoka shamba. Mimi ambaye nilifika sixième primaire tu, darasa ya sita, nimezaa mutu ambaye directeur anamuomba ruhusa ya kukohoa.

Na kila akifungua emission, kipindi yake, mimi narudi kwenye siku zetu. Unakumbuka? Redio ilikuwa moja kwa avenue, inawekwa dirishani, na uwanja wa parcelle inajaa watu. Jumamosi saa ya dédicaces, saa ya kutumiana salamu, tulikuwa tunaoga na kuvaa viatu ili kusikiliza redio. Viatu! Juu Tonton Mohamadi wa redio anaweza kutaja jina yako mbele ya province yote, na hakuna mutu alitaka kutajwa na miguu ya vumbi. Wewe ulikuwa unatuma salamu kwa majina mengi mpaka Mohamadi siku moja akasema hewani kwamba mademoiselle Karima aonee huruma mukanda wa wimbo. Ulilia, kisha ukatuma zingine.

Na gitaa ya bwana yangu Lukumani. Wewe ulikuwa mudogo, labda hukujua namna ilifika kwenye redio. Kaka yako alikuwa studio anangoja muimbaji wao, na muimbaji alikuwa amelewa nyumbani kwake. Katika kungoja, akapiga peke yake, pole pole, kitu haina jina. Mohamadi akaiweka kwenye kaseti. Wakati ule Mohamadi ndiye alikuwa anasoma matangazo ya vifo, na roho ilikuwa inamuuma, juu wanawake walikuwa wanasikia jina ya mutu wao wakiwa wamesimama. Mumoja wa Yanonge alianguka juu ya moto wa samaki. Alors Mohamadi akasema, mutu apewe kwanza nafasi ya kukaa. Tangu siku ile, kabla ya majina, alipiga gitaa ya Lukumani. Kutoka hapa mpaka Isangi, mpaka Basoko, ikianza tu, wanawake wanavua kitambaa ya kichwa, wanamwaga maji kwenye moto, wanakaa chini. Wanangoja jina.

Kaka yako hakufurahi. Kwenye arusi moja kule Kabondo alikuwa anaweka nyuzi zake sawa tu, na mashangazi wote wa bibi arusi wakakaa chini na kuvua vitambaa. Walimufukuza bila kumupa hata kinywaji. Alirudi nyumbani akasema yeye anapiga gitaa ili watu wasimame wacheze, na Mohamadi ameifanya kiti. Mimi nilicheka mpaka akacheka.

Kaseti ile, ni mimi niliyemupa Safiya. Fanny atakuwa amekuambia hiyo, na ni kweli. Mohamadi aliniachia nakala kabla ya vita, na nilikuwa nimeifunga ndani ya pagne, kitenge yangu ya arusi. Safiya alizaliwa wakati redio ya zamani imeshakufa, hakujua inaitwa gitaa ya nini, na mimi sikumuambia. Nilisema moyoni, watu wamesahau. Nilitaka mara moja tu isikiwe kama muziki, na mutoto aseme hewani, huyu ni papa yangu.

Sasa sikia bahati mbaya. Siku ile Safiya aliipiga, baleinière, boti ya mbao iliyotoka Basoko, ilikuwa haijafika. Ilitakiwa kufika tangu ijumaa, na ndani yake nusu ya Mangobo: wafanyabiashara wa mucele, wanafunzi, binti ya Fanny. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Safiya akaweka kaseti. Gitaa ikapiga yote, mpaka mwisho. Na palepale, kabla hajafungua mudomo, courant ya umeme ikakatika. Groupe, ile jenereta ya redio, iko panne, haiwaki. Kimya.

Karima, sijawahi kusikia kimya kama ile. Avenue nzima watu wazima walikuwa chini. Vijana walikuwa wamesimama wanauliza, ni nini, ni nini? Halafu Fanny akapiga kelele jina ya binti yake, na quartier yote ikapasuka. Wengine walikimbia bandarini, wengine kwenye mulango ya redio. Kwenye simu za watu picha za wasafiri zilikuwa tayari na mishumaa pembeni. Safiya alitoka kueleza, lakini nani anasikiliza? Walimuvuta nguo, walimuita mutoto wa gitaa ya wafu. Alirudi nyumbani na mukono moja ya blouse.

Kesho yake saa ya kula, baleinière ikafika. Moteur ilikufa karibu na Isangi, wakakwama kwenye muchanga. Wote wazima, na mbuzi zao. Binti ya Fanny alikuta mama yake ameshanyoa nywele, akauliza nani amekufa. Watu walicheka, walilia, walitukana, wakaenda kupika. Redio wakamusimamisha Safiya kazi. Directeur alisema ametia muji mashaka. Nilienda kwake, nikamuambia kwamba yeye mwenyewe hakuna mutu alimujua kabla ya Safiya. Haikusaidia.

Lakini kila mutu alisimama. Mama yako hakusimama.

Alikuwa amevua kitambaa yake tangu gitaa ilipoanza. Nilimuambia ni makosa, boti imefika. Akanijibu, gitaa ya mutoto wangu haipigwi bure, jina iko wapi? Nilimuletea binti ya Fanny amuguse kwa mikono, akamugusa kama mutu anayepima kitambaa sokoni, akasema, sawa, si huyu, jina iko wapi? Nilimupikia lituma, ndizi ya kupondwa, na samaki ya moshi, ile anapenda, mafuta inashuka. Akageuza uso. Maji alikunywa kidogo tu, baada ya sala. Safiya alipiga magoti akalia, akasema ni yeye amekosa. Bibi akamupangusa machozi na hakusimama. Kila asubuhi nilikuta mifupa ya mabega yake imetoka zaidi. Ndiyo, nilimupigia kelele. Hapo Fanny alikuwa anasikia, na ndiyo ile alikupigia.

Niliona anakufa, Karima. Nilikuwa naandaa maneno ya kukuambia, na sikuwa nayo.

Alors nikamutafuta Tonton Mohamadi. Amezeeka, macho haioni vizuri, lakini alikuja kwa pikipiki, fimbo mukononi, na koti yake ya kusomea hewani, ile ya zamani. Nilifikiri, yeye ndiye alileta desturi hii, yeye atafungua. Alikaa mbele ya mukeka, akamuambia mama yako, akimuita mama Binti kwa heshima, kwamba ilikuwa muziki tu, mutoto hakujua. Mama akamuacha amalize. Halafu akamuuliza:

"Mohamadi, majina ya muto huu yote ulisoma wewe. Ni gani hukusoma?"

Mohamadi akavua kofia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani ya lituma. Nikaingia kati, na unajua mudomo yangu. Nikasema kama hawa wanafikiri jina ni Lukumani, Lukumani iko Brazzaville, alivuka muto wakati wa vita ya siku sita ya hapa kwetu na gitaa yake mugongoni, watu walimuona kule anapiga kwenye hôtel kubwa, mutu wa gitaa kama ile hawezi kukumbuka kijiji. Nilisema vile nasema sokoni miaka yote. Wewe mwenyewe nilikuandikia vile, na ulinijibu kwamba atakuja na masanduku.

Semeki, kama umesimama, tafuta kiti hapa. Tonton Osée akupe maji.

Mama yako aliniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema:

"Mwanahamisi, mutoto wangu, kaa chini."

Nikakaa, na sahani yangu kwenye magoti. Akaniambia kwamba siku ile ya tatu ya mabomu, wakati sisi tuko chini ya vitanda, alitoka kutafuta maji, na alimuona. Pale kwenye kona ya muuza mikate, pamoja na watu wengine. Gitaa ilikuwa chini yake, haikuvunjika. Aliwasaidia vijana kuwafunika palepale, juu mabomu ilikuwa inaendelea kuanguka. Aliosha mikono na ile maji aliyoenda kutafuta, akarudi bila maji. Akanikuta na tumbo ya Safiya, damu imeanza kutoka kwa woga. Akasema moyoni, huyu hataambiwa akisimama. Redio itapiga gitaa, atakaa, ndipo atasikia. Lakini redio ilikuwa imepigwa bomu. Na iliporudi, mimi nilikuwa na mutoto kwenye titi na Brazzaville mudomoni, na nilikuwa nasimulia vizuri, alisema, mpaka yeye mwenyewe siku zingine alitamani kupanda boti aende kumuona. Hakuweza kuomba gitaa bila kusema jina. Akangoja. Miaka yote hii ameniangalia nimesimama.

Sikulia pale. Nilimuuliza kama alifunikwa vizuri. Akasema, kwa pagne yangu. Na ni kweli, Karima, pagne yake ya bluu ilipotea wakati wa vita, na mimi ndiye nilisema imeibiwa.

Mohamadi alimushika Safiya mukono wakaenda wote wawili kwa directeur. Sijui walisema nini mule ndani. Najua tu kwamba siku ya Mungu, saa ile ile, Safiya alikuwa kwenye micro. Kwanza alieleza kwa upole kwamba boti zote ziko salama, watu wasikimbie. Halafu akapiga gitaa ya papa yake. Nilikuwa kwenye mukeka karibu na mama yako, tumevua vitambaa. Nilichungulia nje. Avenue nzima ilikuwa chini, Fanny na kichwa yake ya kunyolewa, hata vijana ambao hawajui kitu. Mutoto alisoma kama Mohamadi alivyomufundisha, bila kuharakisha, na sauti haikutetemeka ila mahali pamoja. Hata hapo ilikuwa nzuri. Wacha nijisifu.

Alipomaliza, mama yako alifunga kitambaa yake. Akaomba lituma. Akaonja, akasema chumvi imezidi. Toka siku ile anakula na ananisumbua, na Safiya amerudi kazini.

Sasa, ile mahali sauti ilitetemeka ilikuwa kwenye jina yako. Unajua desturi, tangazo inataja wale wanaotangaziwa, hata wa mbali. Ulitajwa, na redio yetu haifiki Lubumbashi. Kwa hiyo nakuandikia tangazo yenyewe, uisome wewe ukikaa:

"Familia ya mama Binti, ya Mangobo, inawatangazia kifo cha Lukumani, mupiga gitaa, kilichotokea hapa Kisangani wakati wa vita ya siku sita. Wanaotangaziwa: mama yake Binti, muke wake Mwanahamisi, mutoto wake Safiya, ndugu wa Yanonge na wa Isangi, na dada yake Karima, wa Lubumbashi, popote atakaposikia."

Matanga tunafanya mwisho wa mwezi. Kama utapata njia, uje. Mama anauliza kama bado unavaa viatu ukisikiliza redio. Kama huwezi kuja, piga simu, na safari hii usikate, hata tukikosa maneno. Safiya anakusalimu na ametia kaseti nyingine kwa Tonton Osée, ni nakala, uisikilize siku utakayotaka. Usalimie bwana yako, ubusu watoto, na yule wa mafuta ya ngazi zaidi.

Nabaki mimi semeki yako,

Mwanahamisi, mama ya Safiya,
mujane wa Lukumani