Bi Chausiku Hajarudi Kutoka Pangani

Salma,

Mama yako bado anaichaji simu yako. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka, halafu ungelia, halafu ungenikataza nisimwambie mtu kama umelia. Ameiweka juu ya friji, pale pale ulipokuwaga unaiacha ukienda kuoga, na ikilia anageuka kuitazama. Nilipopita Mwananyamala mwezi uliopita, nilikuwa sijamaliza hata kumpa shikamoo, akaniambia, "Neema mwanangu, siku hizi inalia sana. Rafiki zake hawajamsahau." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba wanaoiliza si rafiki zako. Ni wageni. Wamejaa Vumbini, na wakati huo wengi wao walikuwa hawajui hata kama uliwahi kuwepo.

Nataka nikusimulie yote, maana mji ni wako, na mie nimefanya jambo la aibu ndani yake.

Watu wakiniuliza Vumbini ni wapi, bado nashindwa kuwaeleza bila kuonekana nimechanganyikiwa. Ni mji ambao haupo. Uko ndani ya grupu la simu, na sie, thelathini na kitu enzi zako, tunaishi humo kwa kuandika. Kila mtu ana mhusika wake. Anaandika kafanya nini, kasema nini, mwenzake anajibu, siku inaenda. Mie, karani wa shule, mtu wa Iringa niliyepanga vyumba viwili Goba, kule ni Fundi Mtoro, mshona viatu mwenye mdomo mchafu. Mwalimu Gaudensi, anayefundisha hesabu Temeke, kule ni afande anayeogopa kuku. Na wewe, binti wa mwenye duka, uliyekuwa unamaliza wiki nzima kitandani seli mundu ikikubana viungo, kule ulikuwa Bi Chausiku, muuza chai wa stendi, mama wa miaka sitini ambaye miguu haimuumi.

Na sheria ilikuwa moja tu, uliiweka wewe: usimsemee mtu. Unaweza kumtandika Fundi Mtoro kofi, lakini kama kaanguka au kacheka, hilo anaandika mwenye Fundi Mtoro. Mdomo wa mhusika haushikwi na mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyoingia mie? Siku ya kwanza, saa ya kwanza, sijasoma hata mstari mmoja wa nyuma, nikachoma moto stendi. Niliandika kwamba basi limelipuka na watu wote wanakimbia wanalia. Niliona ndiyo uchangamfu wenyewe. Watu wakanijia juu, Mwalimu akasema nitolewe mara moja, mtu gani huyu hana hata hodi. Ndipo ukaandika wewe. Nayajua maneno kwa kichwa: "Bi Chausiku akautazama moto, akasema: moto tumeuona, ila chai imeshachemka. Kaa unywe, kisha tutazima. Kaa kiti kile, hiki mguu wake wa uongo." Halafu ukanifuata pembeni, kwenye ujumbe wetu wawili, "Dada, mji wa watu hauchomwi siku ya kwanza. Ngoja walau wiki." Nilicheka mpaka mkuu wangu wa shule akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Tangu hapo kila mgeni alipitia kwako. Anashuka basi, unampa chai, unamwonya kuhusu kile kiti, unamuuliza katokea wapi na anatafuta nani. Akimaliza kikombe ameshajua mji unaendaje, na wala hajui kama amefundishwa.

Sokoni Tandale napita kila Jumamosi, na kila Jumamosi nakusikia. Ile siku tuliyokutana uso kwa uso mara ya kwanza, mie nachagua ndizi, wewe upande wa pili na baibui lako na miwani ya jua, ukapaza sauti, "Fundi Mtoro, acha kuwabania watu!" Wapagazi wakageuka wote kumtafuta huyo fundi. Wakamwona dada mnene mwenye kikapu. Muuza ndizi wangu mpaka leo ananiita fundi, hajui kwa nini. Huwa namwitikia.

Sasa ngoja nifike kwenye aibu.

Ulipofariki, wanaume walikubeba, sie wanawake tukabaki ndani, mie na khanga ya kuazima kichwani, nikifuatisha wenzangu wanavyofanya. Jioni nikafungua grupu. Mtu mmoja ndani ya mji alikuwa ameandika anamwita Bi Chausiku, chai iko wapi. Mwalimu ndiye aliyeandika: "Bi Chausiku amepanda basi la asubuhi. Amekwenda Pangani kumuuguza dada yake." Nilimshukuru, Salma. Wale wa zamani tuliwaambia pembeni, mmoja mmoja. Ndani ya Vumbini hatukuandika kitu. Tulisema tutaandika arobaini ikipita. Ikapita. Tukasema mfungo ukiisha. Ukaisha. Kila mtu alimngoja mwenzake, na hapo stendi jiko likakaa bila mtu, na wewe ukawa unamuuguza dada yako asiyepona.

Halafu kuna mtu akatusifia mtandaoni, na ndani ya wiki mbili tukawa zaidi ya mia. Weee, usingeamini. Mmoja alitua na helikopta juu ya paa la kituo cha polisi. Mwingine alikuja na bastola, akawa anaua wahusika wa watu kabla ya saa sita mchana. Mmoja akaandika kwamba Fundi Mtoro amempenda, amemposa, na harusi ni Jumapili. Mie, niozeshwe bila kuulizwa. Niliandika sheria mpya kumi na saba, hakuna aliyezisoma. Funguo za grupu uliniachia mie, basi ikawa kazi yangu kutoa watu. Asubuhi nikipiga mswaki namtoa mtu, foleni ya chai ofisini namtoa mwingine. Unazijua hasira zangu, ulikuwa unanitania kwamba siku moja nitajitoa mwenyewe.

Wale wa zamani wakaanza kuwaita wageni "wavamizi", wageni wakatuita "wazee wa mji". Watu hawaandiki tena, wanatukanana tu. Wenzetu wawili wakaondoka bila kuaga. Mwalimu akanipigia, akasema tufunge mji, tufute kila kitu, tuanze upya sehemu nyingine sie wachache. Nikamwambia nipe muda. Sikumwambia kwa nini. Maneno yako yote yako mle, miaka minne ya maneno yako. Simu yangu ya zamani ilikufa na ujumbe wetu wote wa pembeni, na rekodi ya sauti yako nimebaki nayo moja tu, ile unayokohoa halafu unasema "nitakupigia". Vumbini ikifutwa, nakufukia mara ya pili na safari hii kwa mkono wangu.

Basi siku moja, saa saba mchana, niko ofisini na wali wangu wa maharage, simu ikawaka. Nikasoma:

"Basi la Pangani likaingia stendi. Bi Chausiku akashuka na kikapu chake, akafunga vizuri khanga, akamwona binti amekaa juu ya sanduku. Akamwambia: umekaa juani tangu lini, mwanangu? Njoo. Kaa kiti kile, hiki mguu wake wa uongo."

Nilisimama. Sahani ilianguka, sikuiona. Kwa muda wa kumeza tonge moja, Salma, nilijua umerudi. Sikuwaza simu, sikuwaza mtu, sikuwaza kaburi. Nilifurahi. Nakuambia ukweli wangu, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu uondoke, na ndipo nikaona jina la mwandishi. Mgeni. Binti anayeitwa Tatu, mhusika wake anaitwa Zuhura, yuko kimya wiki tatu, na neno lake la kwanza mjini ni kukushika wewe mdomo.

Nilimwandikia mbele ya watu wote maneno ambayo sitayarudia hapa, maana barua hii mama yako anaweza kuisoma. Nilimwita mwizi. Nilimuuliza ana roho gani. Nikamtoa. Wa zamani wakanipigia makofi. Nikaenda kujifungia chooni, nikalia mpaka mkuu akatuma mtu kuja kuniulizia.

Siku ya tatu akanifuata pembeni. Ameandika kwa adabu mpaka nikaona haya: "Shikamoo dada. Naomba radhi. Nimeisoma Vumbini yote tangu siku ya kwanza, nasoma kazini wateja wakipungua. Niliona Bi Chausiku amesafiri zaidi ya miezi kumi, na tangu asafiri kila mgeni anapigwa. Nikajua mnangoja mtu wa kumrudisha, nikajitahidi niandike kama yeye. Ile sheria niliiona, ila nilidhani kama mwenyewe amechoka kumcheza, mtu anaweza kumsaidia. Sikujua nakosea. Mie nilikuwa natamani tu anikaribishe. Nawaonea wivu wote aliowakaribisha."

Niliisoma mara nyingi. Binti anauza mafuta kituoni Mbagala, anasimama pampuni siku nzima, na amekusoma neno kwa neno miaka minne. Sheria kumi na saba za kwangu hakuna aliyezisoma, wewe umesomwa wote. Na kosa lake lilikuwa nini? Aliamini tulichoandika. Tulimwambia umesafiri, akaja stendi kukupokea, sie tukamfukuza kwa kupokea mtu. Hata yule wa helikopta, hata yule wa bastola, nani aliwapa kikombe cha chai? Nilikuwa nasema wageni wa siku hizi hawana adabu. Kumbe na mie sikuwa nayo, nilikuwa na wewe tu.

Nilimwomba radhi, nikamrudisha mjini. Nikamwambia kweli, kwamba Bi Chausiku alikuwa Salma, na Salma hayupo. Kisha akauliza kitu kimoja: "Sasa dada, msiba wake mliufanya lini?"

Ndipo nilipokwenda kwa mama yako. Nilimweleza mji wote, tangu mwanzo, na afande anayeogopa kuku, na kile kiti. Alisikiliza huku anachambua mchele. Mwisho akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anacheka humo chumbani. Waambie, mwanangu. Mtu hawekwi safarini siku zote." Akaniuliza wewe ulikuwa unauza chai ya tangawizi au ya kawaida. Nikamwambia ya tangawizi. Akafurahi sana.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi alasiri, nikaandika. Nilifuta mara nne. Niliandika kwamba basi la Pangani limeingia, na Bi Chausiku hakushuka. Kondakta akashuka na kikapu chake, akamkabidhi Fundi Mtoro. Chini nikaandika bila mhusika, mie Neema, kwamba dada yetu aliyemcheza amefariki, kwamba ndiye aliyeujenga mji huu, na kwamba tulishindwa kusema. Nikaweka simu kifudifudi mezani.

Nilipoigeuza, Salma. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba afande amepita katikati ya kuku wote wa mji, hakukwepa hata mmoja, mpaka stendi. Yule wa helikopta aliandika kwamba ameizima nje ya mji, anakuja kwa miguu na jamvi begani. Wa bastola aliiacha kwa jirani kwanza. Yule mchumba wangu wa kulazimisha alileta sukari, akasema harusi imeahirishwa. Watu ambao hukuwahi kuwaona walikaa kwenye majamvi wakawa wanauliza ulikuwa mtu wa namna gani, na sie wa zamani tukawa tunasimulia. Hakuna aliyemsemea mwenzake hata neno. Zuhura alikuwa nyuma anaosha vikombe. Nilitaka kumpa jiko lako, akakataa. Alisema jiko la mwenzake hawezi, ila maji atachota.

Bado tunagombana, nisikudanganye. Mwalimu ana orodha ya watu asiowapenda. Lakini mji haufungwi.

Nakukumbuka. Nasema hivyo tu, sina namna nyingine ya kulisema. Nikiona kitu cha kuchekesha kidole kinakwenda kwenye jina lako chenyewe.

Jana ameingia kijana mmoja. Hajasoma kitu, hana hodi. Akaandika kwamba stendi inawaka moto na watu wote wanakimbia wanalia. Nikiwa na funguo mkononi, kidole juu ya jina lake, nikaona wote wananingoja. Nikaandika: "Fundi Mtoro akaweka nyundo chini. Akasema: moto tumeuona, ila chai imeshachemka. Kaa unywe, kisha tutazima."

Basi pumzika, mwenzangu. Pumzika na miguu yako isiuume tena. Naahidi yeyote atakayeshuka basi Vumbini nitamwitikia kabla sijamkasirikia, na nikishindwa, nitaosha vikombe mpaka hasira ziishe. Na mama yako nimemwambia simu asiizime.

Kile kiti hatujakitengeneza. Kijana nilimwonyesha kile kingine.

Fundi wako,
Neema