Rangi Chini ya Bolti

Mama watoto,

Usiguse pikipiki. Betri iko kwenye chaja pembeni ya jiko, usiichomoe. Mimi nimetoka kwa miguu kumtafuta baba yako.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Asubuhi tulimaliza kuiunganisha pikipiki baada ya ile rangi mpya. Nikawasha: taa hakuna, honi kimya. Mzee akasema, "Anza na waya wa ethi, mwanangu, ule unaorudisha umeme kwenye betri, pale unapofungwa kwenye fremu." Sikumsikiliza. Nikamwambia amechanganya nyaya kwa sababu mikono inamtetemeka. ~~Nilisema kwa upole.~~ Nilipiga kelele, majirani wamesikia. Akafuta mikono, akachukua mfuko wake, akaondoka.

Nimefungua kila kitu upya. Nyaya zake zote ziko sawasawa. Kosa ni langu: niliipaka fremu rangi hadi chini ya bolti ya ethi, umeme ukakosa njia. Nilipokwangua kwa kisu chako (samahani, hakikati tena), taa ikawaka. Lakini betri imechoka kwa kukaa siku zote za kupaka rangi, starta haizungushi injini.

Mzee hapokei simu. Miwani yake ameisahau juu ya tangi, na bila miwani hasomi hata kibao cha basi. Ninayo mfukoni.

Akitangulia kufika, mkalishe, mpe chai. ~~Mwambie alikuwa sahihi.~~ Usimwambie kitu. Mzuie tu asiondoke, nije nimwambie mwenyewe.

Mumeo, kama bado unanitaka