Mota ya Polepole, Baba Zaina

Mpendwa Baba Zaina,

Leo nimeipangusa vumbi treni yako ndogo ya umeme, ile aliyokuachia jirani yetu Mhindi alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Reli zake bado zimeenea meza nzima, na wageni wanakula mkekani. Nimechoka, mume wangu. Hata kukulaumu nimechoka.

Unakumbuka zile mota mbili ulizoletewa kutoka Nairobi, uchague moja ya kubadilishia njia pale reli zinapogawanyika? Moja iliirusha reli upande wa pili mara moja, ta! Nyingine iliisogeza taratibu, ikinguruma chinichini. Mimi niliitaka ya haraka, maana umeme wa mtaa wetu huu wa Kisugu una maringo. Ukikatika, ya polepole ingeiacha reli katikati na treni ingeanguka. Wewe, mpanga mabehewa wa stesheni ya Port Bell, ulisema reli ya kweli haikurupuki. Tukabishana kama watu wanaoozesha binti.

Kisha ukaijaribu ile ya haraka, mara tatu mfululizo. Redio ya jirani wa ukuta wa pili ikazimwa. Tukasikia watoto wake wakikimbilia uvunguni. Baadaye akachungulia mlangoni kwetu, jasho linamtoka.

"Ssebo, bwana yangu, hiyo kitu inalia kama bunduki. Watu ya hapa iko na moyo moja tu."

Hukucheka. Uliifungua skrubu zake zote, ukaniambia, "Mama Zaina, tuchukue hii ya pole pole. Haitishi mutu."

Nikakubali. Hukuwahi kuifunga kwenye reli. Wiki hiyohiyo askari walikuchukua ukiwa kazini, na kila ninapokwenda kuuliza naambiwa hawakujui.

Jana shangazi yako alikuja na nguo za eda. "Kaa eda, mwanangu. Tusome hitima, roho yako ipumzike." Ana huruma, na yeye pia analia. Lakini nikikaa eda nitakuwa nimekuzika kwa mdomo wangu, na kaburi sina. Nisipokaa, Zaina ataendelea kuniuliza kila jioni kama baba anakuja. Nimemwambia sijui. Ndiyo kweli pekee niliyo nayo.

Nguo nimezipokea, nikazikunja, nikaziweka kabatini juu ya mashati yako. Kama uko hai, nisamehe kwa kuzipokea. Kama hauko, nisamehe kwa kutozivaa.

Popote walipokulaza, ulale salama.

Mkeo