Uzi Mnene wa Kipyegon

Roret,
Jumamosi asubuhi.

Kwa wifi yangu mpendwa Mongina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini umeamka salama, na kwamba ule mgongo unaokusumbua kwa kuinamia cherehani umepata nafuu. Sisi hatujambo kiasi. Mama anakusalimu, magoti yake bado yanamsumbua kila mvua ikinyesha, na unajua huku mvua hainyeshi ikaisha. Majani chai yamekubali mwezi huu, ng'ombe wote wawili wanakamuliwa, ila kabichi zako ulizoziacha nyuma ya nyumba zimeliwa na mbuzi wa jirani. Nilimtukana yule mbuzi kwa niaba yako.

Najua Onsongo amesimama hapo mlangoni mwa duka lako na lile begi jeusi mgongoni. Mpe kiti, mpe chai, lakini nakuomba usilifungue begi kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ningepiga simu, ila ungeniuliza swali katikati, nami ningeanza kukudanganya tena.

Unakumbuka baada ya kumzika kaka yangu Kipyegon, uliposema nyumba ile imekushinda na unarudi kwenu Chepilat, ulilitoa gitaa lake la besi chini ya kitanda ukanikabidhi. Uliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba siku ya ukumbusho wa mwaka mmoja ungetaka kuisikia sauti yake mara moja tu, ile yenyewe, halafu ungejaribu kuishi. La pili, kwamba nisilichokore, nicheze tu. Mimi nikajiambia, mtu ambaye amepiga kinanda cha kanisa tangu darasa la sita, gitaa la nyuzi nne litamshinda aje?

La kwanza nililishika. La pili, woi, si unanijua mimi na usafi. Nilifungua begi nikakuta nyuzi nyeusi, zinanata, zimejaa jasho na utomvu wa chai wa miaka tisa, maana Kipyegon alikuwa akitoka kuchuma anashika gitaa kabla ya kunawa. Kwenye simu nikaona kijana mmoja akieleza kwamba nyuzi zilizozeeka huchemshwa zikarudia ujana. Basi nikawasha jiko. Nilizichemsha kwa sufuria na sabuni ya unga, nikazianika kwenye kamba pamoja na soksi. Ule uzi wa nne, ule mnene, ulikataa kutoka kwa sababu ufunguo wake wa kukazia umeshika kutu, nikauacha na uchafu wake. Na ni mimi huyu huyu ambaye mtu akiosha kibuyu cha Mama cha maziwa ya mursik kwa sabuni ninamfukuza jikoni, kwa sababu najua maziwa hayatapata ile ladha tena!

Nilipolichomeka kanisani karibu nilie. Sauti ya Kipyegon ilikuwa nzito na ya upole, kama uji wa wimbi, ilikuingia miguuni kabla haijafika masikioni. Hii yangu ilikuwa inalia kama waya wa seng'enge uliopigwa jiwe. Nikamwita Onsongo, maana ndiye fundi wa vyombo vya kanisa na ndiye aliyemtengenezea Kipyegon mitambo miaka yote. Kwa wiki sita, kila Jumanne na Alhamisi tukishapeleka majani kituo cha chai, tulijifungia mle ndani. Alishusha trebo, zile sauti nyembamba za juu, mpaka chini. Akapandisha besi, spika ikaanza kuvuma na kumeza noti zote. Akaishusha tena na kuongeza midi, zile sauti za katikati, kidogo, akinieleza kwamba watu hudhani besi ndiyo hubeba gitaa hili, kumbe ni midi. Alichomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi ili zisilie muda mrefu. Akaniambia ninapiga kama mtu anayemkama ng'ombe mkaidi: nipunguze mkono, mashine ya sauti iongezwe, na vidole nivisogeze karibu na shingo ya gitaa ambako sauti ni laini. Yote yalisaidia. Akina mama waliokuja kufagia kanisa waliisifu ile sauti, lakini haikuwa yake, na Onsongo alikuwa anatikisa kichwa tu.

Wiki ya nne ndipo aliponiuliza kama nilizigusa zile nyuzi. Nilipomwambia nilizichemsha, aliketi juu ya spika. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba ile sauti ninayoitafuta kwenye mashine niliimwaga na maji ya sufuria. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilivunjika hapo. Nikajaribu kuzichafua upya, cheka ukitaka. Nilizipaka mafuta ya kupikia, zikateleza. Nilichuma chai asubuhi nzima nikaja kupiga bila kunawa, siku kumi mfululizo, lakini jasho la siku kumi litafika wapi? Tena ule uzi mnene ulikuwa unaniudhi, unasikika kama umekufa, du, du, bila uhai, nikawa naukwepa na kupigia kwenye zile tatu safi.

Sasa nafika kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Siku ya ukumbusho ulikuja na lile gauni la samawati alilokununulia yeye, ukaketi mbele kabisa. Wimbo wake ulipoanza, ukainuka mbele ya watu wote, ukaweka kiganja juu ya spika, ukalia, ukasema ni yeye. Halafu ukanikumbatia ukaniambia Mungu amenipa vidole vya kaka yangu. Mama akanibariki mbele ya wazee.

Mongina, sikuwa napiga. Waya wangu haukuwa umechomekwa popote. Onsongo alikuwa na rekodi ya sherehe ya mavuno ya mwaka juzi, na katika rekodi hiyo kila chombo alikihifadhi peke yake. Alicheza ile ya gitaa la Kipyegon kutoka kwa laptopu yake, nami nikachezesha vidole juu ya nyuzi kama mjinga. Usimlaumu. Nilimlilia siku tatu ndipo akakubali. Wewe ulisema ni yeye na ulisema kweli. Mwongo ni mimi.

Ningenyamaza nife nalo. Lakini ukaanza kuniomba nije Chepilat kila mwisho wa mwezi nikupigie kidogo. Mara ya kwanza nilikuambia ng'ombe anazaa. Mara ya pili nikasema anazaa tena, ukacheka ukampongeza ng'ombe wetu. Halafu ukaniambia kwamba tangu siku ile unapata usingizi, kwa sababu umejua sauti ya mumeo haijaisha duniani, iko mikononi mwangu. Niliposikia hivyo nilikata simu nikasingizia mtandao. Naumia, wifi. Namlilia kaka yangu, na sasa nalia pia kwa sababu nimekuibia.

Jumatano, baada ya kukama, nililitoa gitaa nilipakie kwenye begi nikurudishie. Nililipakata, kidevu kikagusa mbao, na kidole kikaugonga ule uzi mnene bila kukusudia. Hapakuwa na waya wala spika. Alikuwa yeye. Ile noti ya chini aliyokuwa akimalizia kila wimbo, anaiacha ife yenyewe huku amefumba macho. Uzi niliouita mfu wiki zote zile ndio peke yake nilioshindwa kuufua. Niliupiga mara tatu nikilia mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini, kisha nikaacha, maana nilitazama kidole changu nikakikuta cheusi. Nilikuwa namfuta kidogo kidogo, na kuweka jasho langu mahali pa lake.

Kwa hivyo sasa fungua begi. Usimruhusu Onsongo alichomeke popote. Uliwahi kuniambia kwamba alipokuwa akifanya mazoezi kitandani bila mashine, ulikuwa unalaza shavu kwenye mbao ili nawe usikie. Laza shavu pale pale. Ukilipakata, uzi wenyewe ni wa juu kabisa. Sijaugusa tangu Jumatano, na sijaupangusa.

Nisalimie wazazi wako na wote wa hapo nyumbani. Ile rekodi Onsongo atakuachia, ni yako. Ukiweza kunisamehe, mtume yeye na neno hata moja. Ukishindwa, sitakulaumu, na kabichi zako nitazipanda upya na nitazungushia ua. Mama asijue bado, nitamwambia mwenyewe.

Piga polepole, wifi. Sijui zimebaki mara ngapi.

Ni mimi niliyekukosea,
wifi yako,
Nelvine