Msalaba wa Baba Mdogo Ilunga

Umbilo, Durban

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mwange anayekusomea barua hii. Dada yangu, funga mlango kabla hujaendelea, na usome kwa sauti ya chini. Mama, goti linaendeleaje? Na mihogo, mlivuna, au nguruwe wa jirani waliwatangulia tena? Mimi ni mzima. Vumbi la mawe lilinikaba kifua kidogo, lakini nimepata barakoa nzuri na kikohozi kimekwisha.

Utashangaa kwa nini naandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Simu ya Mwange mnaichaji kwenye sola ya nyumba ile, na nikituma sauti, watoto wa baba mdogo wataisikiliza kabla yako. Kwa hiyo barua hii nimemkabidhi dereva wa lori linalopanda Lubumbashi, mtu wa kwetu, ambaye ameniahidi kuitia mkononi mwako na si pengine. Lori hilohilo limebeba msalaba wa baba mdogo Ilunga. Mmeshaambiwa kwamba unakuja. Mimi ndiye niliyeuchonga.

Najua umemwambia Mwange arudie kusoma hapo. Ngoja nikueleze.

Katika karakana yetu ya mawe ya makaburi alikuja bibi mmoja wa kizungu, mzee sana, kutoka mashamba ya huko juu. Alileta picha za msalaba wa jiwe ulio kwenye uwanja wa kanisa dogo kijijini kwa babu zake, ng'ambo, akataka achongewe mwingine kama ule. Mama, sijaona kitu kama kile. Mikono yake imeshikwa na duara, na mwili wote umechorwa mafundo yanayopita juu na chini kama ukili wa mkeka. Mkono mmoja umemeguka ncha. Pembeni kondoo wanakula majani juu ya makaburi na hakuna anayewafukuza. Kwetu mwenye kondoo angeitwa kwa chifu. Bibi alisema msalaba ule ulisimama pale kabla meli yoyote ya wazungu haijafika pwani hii. Nikamuuliza ni wa mfalme gani. Akasema si wa mfalme. Chini kuna maandishi ambayo yamelika, lakini wasomi wanayasoma bado: kijana fulani aliusimamisha kwa ajili ya baba yake. Hakuna anayejua zaidi ya hayo, ila jina la baba lipo.

Nilichonga kazi ile nikimfikiria baba yetu. Yeye ana nini? Alikuwa na kijiti cha mbao, mchwa wakakila, na baba mdogo alipoombwa kingine alisema marehemu hasomi. Wewe ulikuwepo aliposema. Ulikuwepo pia siku matanga yalipokwisha, alipokuja na kufuli jipya, akatoa godoro lako nje mvua ikinyesha, akadai ufunguo mbele ya watu waliokuwa bado na majivu ya kilio. Nyumba ya matofali ambayo baba aliyafyatua mwenyewe. Nimekaa Durban miaka yote hii, nimejifunza kuongea na Wazulu na Wahindi, nimecheka na watu, na bado nikilala naona lile godoro. Sijasamehe. Padri wa huku ananiambia nisamehe, mimi namjibu ndiyo, padri, halafu natoka nje nikiwa na hasira ileile.

Sasa Trésor, mtoto wa baba mdogo, unajua ana duka la simu mjini hapa Durban. Tunasali kanisa moja. Ananiita yaya, kama kaka yake mkubwa, ananikumbatia mbele ya watu, kana kwamba si yeye aliyebeba cherehani yako kichwani siku ile. Baada ya baba yake kufa alikuja karakana kuagiza jiwe. Akauona msalaba wa yule bibi umesimama uani, akasimama kama amepigwa.

"Ile ni ya nani, yaya?"

"Ya mama mmoja wa kizungu. Ni mfano wa msalaba wa zamani sana wa kwao."

"Njo ile minataka kwa baba. Inaonekana ya wafalme."

"Si ya mfalme, Trésor."

"Haina neno. Kule kwetu nani atajua?"

Basi nikachonga wa pili. Nimeuchonga vizuri, Mama, sikuharibu hata fundo moja. Ule mkono uliomeguka Trésor hakuutaka, nikamtengenezea mzima.

Hapo kuna jambo moja la kukueleza. Wazulu hawasimamishi jiwe la kaburi kimyakimya. Wanalifunika kwa blanketi au shuka, ndugu wanakusanyika, wanaomba, ndipo linafunuliwa watu wote wakiangalia. Trésor ameipenda sana desturi hiyo. Ameamuru huko nyumbani wafanye vilevile: jiwe lisimamishwe likiwa limefungwa shuka nyeupe, lifunuliwe Jumapili baada ya Pasaka mbele ya padri na chifu. Yeye makaratasi yake hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo atafuata yote kwenye simu dukani kwake.

Siku alipokuja kuutazama kabla ya lori, nilikuwa nimekwisha kuufunga. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mteja, "Njoo nifungue, usome maandishi."

"Hapana fungua, yaya. Bazulu banasema ukifunua mbele ya siku, mufu anakasirika."

"Wateja wote wanasoma kwanza."

"Bale beko bateja. Miye niko mutoto ya mufu."

Bhuti Sipho, yaani kaka Sipho, msimamizi wetu, ambaye ni Mzulu wa kuzaliwa, alikuwa karibu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwenye jiwe lazima aangalie kabla halijafungwa, hiyo desturi nyingine hajaisikia. Trésor akacheka, akamwambia kijana wa mjini amesahau mila za wazee wake. Mzulu akafundishwa Uzulu na mtu wa Katanga. Sipho akaniangalia, akasema, "Eish. Sharp, sawa, lakini usije kusema sikumwambia." Trésor akaweka kiganja juu ya shuka, akaomba, akajipiga picha, akaenda zake.

Mama, jina la baba mdogo halimo kwenye jiwe lile. Hata herufi yake moja haimo. Nimeandika hivi, kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto wa katekisimu atazisoma kutoka nyuma:

YOSEFU MUKALAY. ALIJENGA NYUMBA YA MATOFALI KANDO YA KANISA HILI, AKAMWACHIA MKE WAKE. MWANAWE BANZA AMECHONGA.

Baba mdogo walimzika ubavuni mwa baba, kana kwamba walipendana, kwa hiyo jiwe halitakuwa mbali na mwenyewe. Wamwage saruji vizuri, wapambe maua, wavae sare za kitambaa kimoja. Na shuka ikishaanguka, ni nani atakayesema ling'olewe? Unajua kwetu hakuna mtu anayegusa msalaba wenye jina la marehemu. Hata walevi wa sokoni wanauzunguka. Chifu alikula kuku wa baba mdogo na kusema hajui nyumba ni ya nani. Sasa atalisoma jiwe mbele ya watu, na padri pembeni yake, na wote waliofyatua matofali pamoja na baba wakiwa bado hai.

Nimefurahi, Mama. Nasema kweli, sijafurahi hivi tangu nifike nchi hii. Najua Trésor atanifuata. Tajiri wangu atanifukuza, naye atakuwa na haki. Wakubwa wa kanisa wataniita kunihukumu, nitakwenda nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Kazi ya mawe nitaipata kwingine, watu wanakufa kila mahali.

Wewe siku hiyo vaa kitenge cha harusi ya Mwange, usimame mbele, karibu na padri. Usifiche uso. Wakikuuliza kama ulijua, waambie ulijua.

Nisalimie shangazi mkubwa, dada yake baba, ambaye peke yake alikuletea sufuria baada ya kufukuzwa. Msalimie shemeji, mume wa Mwange, na umwambie asinywe siku hiyo mpaka jioni, huenda tukahitaji mikono yake. Mjomba wa Likasi naye msalimie, aje na wanawe wote. Mjane wa baba mdogo sina salamu zake.

Jambo moja tu naomba, kwa sababu nakujua moyo wako. Watakuja kwako wakilia, watapiga magoti hapohapo kaburini, nawe utataka kuwainua. Usiwainue. Ukitaka kusamehe, Mama, samehe, lakini ungoje kwanza uwe umeingia ndani ya nyumba ile ya matofali.

Mimi mwanao,
Banza