Sehemu ya Nne Unayo Wewe, Tata Ilunga

Tata Ilunga, mzee wangu,

Ninaogopa. Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua: uko chini ya udongo mwekundu kule makaburini, na msalaba wako umeshaanza kuinama kwa mvua. Kwa hiyo naanza na yangu. Naogopa tangu asubuhi mpaka jioni, naogopa hata ninapotafuna, na leo nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, mimi Kapinga ambaye ulikuwa ukiwaambia watu kwamba nashona hata nikifumba macho.

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya mfuko wa simenti, ile niliyokatia kipimo cha mkono wa blauzi ya Mama Yav. Niko kwake hapa mtaa wa Manika, kwenye chumba anachowekea mkaa na unga. Mlango umefungwa kwa nje ili ionekane hamna mtu. Nikisikia mlio wowote barabarani naacha kuandika. Ukiona neno limekatika katikati, ujue ilipita filimbi.

Mambo yamegeuka, Tata. Wakati unaugua, mgodi ulikuwa umeshaporomoka na mishahara imekatika, na wewe mwenyewe uliona hospitali ilivyobaki na vitanda na pole za wauguzi. Tulidhani huo ndio ubaya wenyewe. Kumbe watu wenye njaa walikuwa wanatafutiwa mtu wa kumlaumu, na tukapatikana sisi ambao baba zetu walitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Sasa vijana wanapita mitaani na marungu na filimbi, wanaimba: "Bilulu barudie kwabo." Bilulu ni wadudu, na wadudu ni sisi. Wanasema kwetu ni Kasai. Mimi Kasai sijaiona hata kwenye picha. Kitovu changu kilizikwa Kolwezi hapa, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na wewe ulikuwa unanicheka kwamba Tshiluba changu, lugha ya baba zetu, ni cha nyimbo za kanisani tu.

Siku nilipokuta mlango wangu umechorwa msalaba wa mkaa, nilibeba mashini yangu ya kushona, nguo mbili tatu na riwaya yetu ambayo hatukuimaliza, nikapita vichochoroni mpaka huku. Wengi wa kwetu wako stesheni. Wanalala kwenye kokoto wakingojea treni ambayo haiji, na watoto wanaharisha mpaka wanakwisha. Nilifika pale, nikaona, nikageuza. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Siku yangu ya tatu ilishapita, na jembe Mama Yav hawezi kunipa kwa sababu hataki nionekane shambani. Yeye ni Mulunda, mtu wa hapahapa, hakuna anayemgusa. Lakini wakinikuta ndani mwake watamchomea nyumba, na anajua hivyo. Kila asubuhi ananiletea bukari, ugali wa huku, na kuniambia: "Kula, mama. Usikufe na njala mbele bale bafike." Nacheka kidogo, eti njaa isiwatangulie wenye marungu.

Nikishindwa kabisa kutulia, nakukumbuka wewe na lile sanduku la vitabu. Kampuni ilipofunga chumba cha kusomea, ulivikusanya vilivyotupwa nje, ukaja navyo kwangu na wembe mkononi. Ukatoa kimoja, ukaniambia nikikate. Nilikataa, nikasema kitabu hakikatwi kama kitenge. Ukasema, "Kata, mama. Kitabu ni kimoja, sisi tuko bantu bane." Nikakikata vipande vinne, kila sehemu nikaishona mgongoni kwa uzi mweupe. Hivyo ndivyo tulivyosoma, wewe, mimi, Sadiki mwenye kamioni ya mizigo na Kasongo fundi wa mitambo: kila mtu na sehemu yake kwa wiki, kisha tunabadilishana, mpaka mwezi uishe. Mwezi mmoja riwaya kongwe, mwezi mwingine riwaya ya maajabu. Kuna aliyeanzia katikati, kuna aliyeanzia karibu na mwisho, na hatukuona ajabu.

Wewe kila mwezi ulianza na sehemu ya nne. Ulikuwa unajua nani atakufa na nani ataolewa kabla sisi hatujajua hata majina yao, ukatuangalia kama mtu aliyemeza ufunguo wa kabati la sukari. Tukikubembeleza unasema, "Mi najua, lakini sisemi." Hiyo ilikuwa sheria: mwenye mwisho hafungui mdomo. Na sheria ya pili, Jumapili ya kutoa maoni, baada ya misa, hapa kwenye ua wa Mama Yav: aliyekichukia kitabu aseme kwanza. Ulisema wanaopenda hupiga kelele, wakianza wao hakuna atakayethubutu kusema ukweli.

Kwa hiyo mwezi wa maajabu karibu kila mara Sadiki ndiye aliyeanza. Yeye alitaka riwaya kongwe, zenye mashamba na ndoa na wana wanaogombea urithi. Kasongo naye alisinzia kwenye za urithi, lakini ukimletea joka anaamka. Mama Yav hasomi Kifaransa. Tulimsimulia, naye akawahukumu wote waliomo kama majirani zake. Unakumbuka yule mjane wa riwaya kongwe, aliyekataa kuhama nyumba yake na huku maji ya mto yanapanda ngazi? Mimi ndiye niliyemchukia, nikasema kwanza. Nikamwita mjinga, nikasema nyumba ni matofali. Ukanijibu kwa upole kwamba labda sijawahi kuambiwa nihame. Tata, nilikaa nyumbani kwangu mpaka wakachora mlango. Nilikuwa najiambia kwamba nimezaliwa hapa, kwamba nimewashonea wake zao nguo za harusi.

Na ile ya mwisho, ya maajabu, ya binti anayebeba moto wa kijiji chao kwenye kibuyu na kuvuka mito saba. Kila mto unadai kitu. Mmoja ulitaka wimbo, mwingine ukataka jina la bibi yake. Sehemu ya tatu inaishia mto wa saba: maji yanamfika kifuani, na mto unadai moto wenyewe. Ulipougua ulibaki na sehemu yako, sisi watatu tukazungushiana zile nyingine, na hapo ndipo tulipofika ulipolala usiamke. Sehemu ya nne ilikuwa chini ya mto wako wa kulalia. Dada zako waliona kijitabu kisicho na jalada, kimeshonwa uzi mweupe, kinaanza na nusu ya sentensi, wakadhani ni sala zako. Wakakiweka chini ya mikono yako, ndani ya jeneza.

Nilikiona. Uzi wangu ningeachaje kuujua? Lakini ningesema nini mbele ya waombolezaji? Hizo si sala, hiyo ni habari ya binti na kibuyu? Nilijifunika kitambaa usoni nikacheka mpaka machozi, na watu wakanishika mabega, wakisema nilie tu, nilie. Kisha nikalia kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mwisho wa riwaya yetu pia.

Tulikutana mara moja bila wewe. Mama Yav alisema binti atoe moto aishi, moto huombwa hata kwa jirani. Sadiki alisema ataudanganya mto. Kasongo alisema hatatoa, atazama nao. Mimi nilisema atarudi nyumbani. Tukabishana vizuri, ila hapakuwa na mtu wa kutuangalia kama amemeza ufunguo.

Sasa nikuambie ninachokiogopa kuliko vyote. Kasongo yuko pamoja na wale vijana wa marungu. Nimemwona kwa ufa wa dirisha, filimbi shingoni, ile kofia yake ya kiwandani kichwani. Alikaa kwenye ua huu kila mwezi, anajua chumba hiki, anajua kwamba sina pengine pa kukimbilia Kolwezi. Wasionijua watanitafuta kila mahali. Kasongo akitaka, atakuja moja kwa moja. Hajaja, na sijui kwa nini hajaja, na kila anapopita mwili wangu wote unakuwa masikio.

Sadiki anakwenda Lubudi kununua mahindi. Anakwenda na magunia matupu, na amesema nilale chini ya magunia hayo. Kule treni zinapita, na watu wa kule bado wanauza mihogo yao bila kumuuliza mtu babu yake alitoka wapi. Nasikia kamioni imesimama. Mama Yav anafungua mlango. Tata, niombee, kama huko

Niko Lubudi. Nimekaa kwenye ukuta wa bohari karibu na reli, jua ni kali, na karatasi nimeiweka juu ya goti. Utanisamehe mwandiko.

Walikuwa wameweka kizuizi nje ya mji, magogo na matairi. Nilikuwa chini ya magunia, vumbi la mahindi ya zamani puani, nimeuma kitenge changu nisikohoe. Furushi langu la kitambaa, lenye mashini na zile sehemu tatu za riwaya, lilikuwa karibu na kichwa changu. Nilisikia sauti zikimuuliza Sadiki amebeba nini. Kisha sauti moja ikasema, "Ngojeni, mi napanda." Niliijua kabla hajamaliza.

Kasongo alifunua turubai. Akaanza kuondoa magunia, moja, jingine, bila haraka, mpaka mwanga ukanipiga machoni. Tukatazamana. Sikuomba Mungu, Tata, hata sala moja haikunijia. Nilimwona Kasongo midomo imemkauka, na nikaona kwamba anaogopa pia. Hilo halikunifariji. Mtu mwenye rungu akiogopa ni mbaya zaidi.

Akasema kwa nguvu, bila kuniondolea macho, "Masaki matupu tu. Hakuna muntu humu." Halafu akalinyakua furushi langu. Akawapungia nalo wenzake, akapiga kelele kwamba leo wamepata mashini ya kushona, akawatupia. Wakashangilia, wakalisogelea. Yeye akanirudishia gunia usoni, na Sadiki akatia gia.

Hapa Lubudi, Sadiki aliponishusha, ndipo tukafanya kikao chako, wawili tu, kwa sheria yako. Aliyechukia aseme kwanza. Sadiki akasema: "Mwizi ni mwizi, mama. Alikukata mikono." Akasema Kasongo aliijua ile mashini kuwa ndiyo chakula changu, na kwamba mtu mwema hasimami kizuizini tangu mwanzo. Mimi nikasema wale wasingeiacha kamioni ipite hivihivi, walihitaji kitu mkononi ili wasitafute kingine. Kisha nikajipinga mwenyewe: huenda aliitaka mashini, na mimi nikawa nimelala tu karibu nayo. Mama Yav angesema tumwite mwenyewe atueleze. Wewe ungesema tungoje.

Sijui, Tata. Namshukuru, na nimemkasirikia mpaka meno yananiuma. Sitaki kumwona tena maisha yangu. Na naogopa wenzake wasije wakajua alichokifanya, kwa maana watamuua. Yote hayo yamo ndani yangu kwa pamoja na hayapatani.

Kasongo akilifungua lile furushi atakuta zile sehemu tatu. Yeye ndiye aliyeitaka zaidi riwaya ile, na sasa anayo yote isipokuwa mwisho.

Sadiki ameondoka kurudi Kolwezi na mahindi yake. Amesema atapita kwa Mama Yav kumwambia nimefika, na wakipata nafasi watausimamisha msalaba wako. Mimi nimebaki na watu wengine wa kwetu, tunaitazama reli. Wanasema treni ya Kamina, inayoelekea Kasai, itapita, halafu wanasema haitapita. Mbele yangu ni nchi ya baba yangu, ambako watanisikia nikisema Kiswahili na kuniuliza nimetoka wapi. Nyuma yangu ni wewe, na mlango wenye msalaba wa mkaa. Kwenye ukosi wa blauzi nimekuta sindano moja, niliichomeka siku nilipokimbia nikaisahau. Nimejaribu tena kutunga uzi. Bado, mkono unakataa.

Nakuahidi hivi. Nikifika, popote nitakapofika, nitatafuta kitabu, hata kibaya, na wembe wa kuazima, na watu watatu wasioogopana. Nitakikata vipande vinne. Sehemu ya mwisho hatapewa mtu wiki ya kwanza, hiyo ni wiki yako. Na aliyekichukia atasema kwanza, hata kama ni mimi.

Lala salama, Tata yangu. Usiwalaumu dada zako, waliweka kile kijitabu kwa upendo. Ulipokuwa kitandani nilikubembeleza uniambie kama yule binti alivuka, ukafumba macho ukatabasamu. Nilikukasirikia. Leo naogopa kuliko siku zote nilizowahi kuishi, kuna moshi unaonekana kule mbali na watu wameanza kusimama na mizigo yao, na bado nakuomba uendelee kunyamaza. Usiniambie. Acha nivuke kwanza.

Kapinga wako