Thelathini au Sitini

Nyahanga, Kahama
2 Juni 2025

Mwanangu Limi,

Hujambo huko Geita? Sisi wazima, mgongo tu unanisumbua kwa kupeta mchele. Mwezi mzima kimya, na hapa kwenye mashine ya kukoboa wananiuliza habari za injinia wangu. Nimewaambia ile kengele ya hewa ya sumu mgodini, wewe ndiye unayeiandikia upya akili yake, na Ijumaa ya wiki ijayo unakabidhi. Mama Hamza kafurahi, maana Hamza wake anashuka shimo hilo hilo. Niandikie kwa karatasi, simu yangu kioo kimepasuka. Unakula lakini?

Mama yako

Geita
7 Juni 2025

Shikamoo mayu,

Pole na mgongo. Mimi mzima, ila nimechoka hadi kope. Tumeletewa kompaila mpya, ile programu inayosoma tulichoandika na kukigeuza kiwe kazi ya mashine. Ni kali kuliko ya zamani. Imekataa makro mia moja na kumi na nne. Makro ni jina unalolitangaza mara moja, na kila linapotajwa kompaila inaweka kile ulichotangaza. Nyingi zina makosa madogo. Lakini jina KIKOMO limetangazwa mara mbili: faili moja thelathini, jingine sitini. Kompaila ya zamani ilichukua la mwisho ikanyamaza. Kwa hiyo miaka yote kengele imekuwa ikingoja sumu ifike sitini, wakati watu wanatakiwa kutoka kwenye thelathini. Bosi anasema, "Zima huo ukali wake, Ijumaa tukabidhi." Sijui nifanyeje.

Mwanao Limi

Nyahanga
9 Juni 2025

Marahaba mwanangu,

Barua nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, pale mashineni. Nikawaambia, wanaume na digrii zao hawakuona miaka yote, kaona wa kwangu. Wamama wakapiga vigelegele. Mama Hamza peke yake hakupiga. Akasema, "Mama Limi, hebu rudia hapo penye sitini." Nikarudia. Akachukua simu yake akatoka. Naye ana kijiwivu, ndivyo alivyo. Bosi wako mwambie mama amekataa.

Mama yako

Geita
18 Juni 2025

Shikamoo mayu,

Natumaini mgongo umepoa. Barua ile ilikuwa ya macho yako. Asubuhi ya tarehe kumi Hamza na wenzake thelathini na saba walikaa getini, hawashuki mpaka waambiwe kengele inalia kwenye ngapi. Bosi akauliza nani katoa habari. Nikasema mimi. Sikukutaja.

Wakubwa wakanipa siku nne nirekebishe. Nimepitia makro zote moja moja, KIKOMO nikaacha tangazo moja, thelathini. Tukaijaribu, ikalia. Watu wakashuka. Jumatatu nikaambiwa nirudishe kitambulisho cha kazi. Sina hasira, mayu. Nina usingizi tu.

Mwanao Limi

Nyahanga
27 Juni 2025

Marahaba Limi wangu,

Siku zote hizi kalamu imenishinda. Mashineni wakiuliza hajambo, nasema hajambo, basi, napeta.

Jana Mama Hamza kaja. Nilijua kaja kunisuta. Kakaa mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema juzi kengele ililia huko chini kwenye thelathini, wakaanza kupanda. Kupanda ni dakika ishirini. Walipofika juu Hamza alikuwa anatapika, na kipimo cha chini kilikuwa kimeshapita sitini. Wametoka wote.

Kaniuliza unarudi lini, na basi gani. Anataka kukupokea stendi yeye. Mimi, mama mzazi, nimekubali. Nitabaki nyumbani nipike.

Mama yako